Bosi Mchina, Msiba wa Baba Mkubwa na Mafiga Matatu

Kimya kingi kina mshindo. Wiki tatu nilizopotea zilikuwa na majaribio mawili, kazi ya kikundi yenye majina nane na wafanyaji watatu, na boom linalokuja kwa mwendo wa konokono. Sasa nimerudi. Leo sina habari za kafteria wala za nani kaachana na nani. Leo tuongee kazi, tena kazi chini ya bosi Mchina.

Nimeamua kuandika kwa sababu kila likizo ndefu inapokaribia, ubishi wa kule hosteli unakuwa uleule. Kundi la kwanza linasema, "Mchina hana utu, ukienda kwake umekwisha." Kundi la pili linajibu, "Acheni uvivu nyie, Mchina ni mchapakazi, ndiyo maana wenzetu wametoka." Kisha kila mmoja anamtaja binamu yake aliyewahi kufanya kazi kwa Wachina, ubishi unakwenda mpaka saa saba usiku, mwenye mtihani asubuhi anatufokea, tunalala.

Mimi naona makundi yote mawili yanafanya kitu kimoja. Yanaita "utamaduni wa Kichina" kila kitu ambacho bosi anafanya. Akiwahi kazini, utamaduni. Akifoka, utamaduni. Akichelewesha mshahara, eti nao utamaduni! Hoja yangu ni hii: yapo mambo ya bosi wako ambayo ni utamaduni kweli, na hayo inafaa uyajifunze kwa bidii kwa sababu yatakupa kazi na amani. Lakini mengine ni biashara tu ya kampuni, na mengine ni uvunjaji wa sheria uliovalishwa kanzu ya utamaduni. Asiyejua kuyatenganisha ataumia mara mbili. Atagomba pale pa kuelewana, halafu atanyamaza pale pa kudai.

Najua kuna atakayeuliza, "Wewe si mwalimu mtarajiwa? Mabosi Wachina wanakuhusu nini?" Ndugu yangu, zama za kumaliza ualimu na kupangiwa shule moja kwa moja zimepita. Siku hizi mwalimu anaomba, anasubiri, anafanya usaili, anasubiri tena. Wakati anasubiri anakula nini? Wengi wetu tutapita kwenye saiti za ujenzi, viwandani, kwenye maduka ya Kariakoo na kwenye ofisi za makandarasi kabla hatujashika chaki. Na hata tukishika chaki, wanafunzi wetu ndio watakaokwenda huko. Hapa Mlimani penyewe maktaba kubwa tunayogombania viti wakati wa mitihani, ile iliyofunguliwa 2018, imejengwa kwa msaada wa China, na Taasisi ya Confucius ipo hapa tangu 2013. Mchina si mgeni wa kupita tena. Ni jirani, na kwa wengi ni mwajiri.

Tuanze na wazee wetu, maana sisi si wa kwanza. Mkataba wa reli ya TAZARA ulisainiwa Beijing Septemba 1967, ujenzi ukaanza 1970, na reli ikakabidhiwa rasmi 1976. Kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia. Benki ya Dunia ilikuwa imeona mradi huo haulipi. Wachina wakatoa mkopo usio na riba, wakaleta na watu, makumi ya maelfu kwa miaka yote ile ya ujenzi. Miaka michache kabla ya hapo, 1964, Waziri Mkuu wao Zhou Enlai alikuwa ametangaza kanuni nane za misaada, na ya nane ilisema kwamba wataalamu wa China watakaotumwa nje wataishi kwa kiwango kilekile cha wataalamu wa nchi mwenyeji, wasidai makubwa.

Soma masimulizi ya waliofanya kazi kwenye reli ile utaona jambo linalojirudia. Mhandisi wa Kichina alikuwa hatoi amri akiwa amekaa kwenye kiti chini ya mwavuli, kama wazee walivyozoea kwa mkoloni. Alikuwa anashika sururu mwenyewe. Kufundisha kulikuwa ni kuonyesha: mimi nafanya, wewe unaangalia, halafu wewe unafanya, mimi naangalia. Lugha ilikuwa haba, mikono ikasema. Na walikuwepo walioipoteza roho yao hapa. Pale Gongo la Mboto kuna makaburi ya Wachina waliokufa wakati wa kazi ile, na kila mwaka mwezi wa Aprili, wakati wa sikukuu yao ya Qingming ya kufagia makaburi, wenzao waishio Dar huenda kuweka mashada.

Shikeni hilo la makaburi, nitalirudia.

Sasa tuje kwenye nadharia kidogo, msikimbie. Mwaka 2000 wataalamu wawili, Farh Jiing-Lih na Cheng Bor-Shiuan, waliandika juu ya mtindo wa uongozi walioukuta katika mashirika mengi ya Kichina. Unaweza kuuita uongozi wa kibaba. Walisema umesimama juu ya vitu vitatu, na mimi kwa Kiswahili chetu naviita mafiga matatu. Figa la kwanza ni mamlaka: neno la bosi ndilo la mwisho, hapingwi mbele za watu. Figa la pili ni hisani: bosi anakujali wewe na familia yako, si kazi yako tu, anakusaidia ukipata shida, na hakuaibishi hadharani. Figa la tatu ni maadili: bosi anakuwa mfano, hajipendelei, anatangulia kwenye shida kabla ya kukutanguliza wewe.

Mizizi yake iko mbali sana, kwa Confucius, aliyezaliwa 551 kabla ya Kristo. Katika mafundisho yale jamii imejengwa juu ya mahusiano matano: mtawala na raia, baba na mwana, mume na mke, kaka mkubwa na mdogo, rafiki na rafiki. Ukiyatazama, karibu yote yana mkubwa na mdogo. Lakini hapa ndipo wengi wanapopotea. Mdogo anadaiwa utii, sawa, ila na mkubwa naye anadaiwa. Baba asiye na huruma hajatimiza ubaba wake.

Basi bosi anayefoka saiti nzima, anayemwaibisha mtu mzima mbele ya vijana, halafu jioni anapanda gari kwenda kulala kwenye kiyoyozi, huyo hafuati utamaduni wa Kichina kwa ukamilifu. Kachukua figa moja, yale mengine mawili kayaacha. Na sufuria haikai juu ya figa moja, wadau. Kila mama aliyewahi kupika kwa kuni anajua hilo.

Halafu tuambiane ukweli: mtindo huu ni mgeni kwetu? Mkuu wa shule ya bweni uliyosoma alikuwaje? Baba yako mwenyewe, ulikuwa unambishia mezani? Mtaalamu mmoja Mholanzi, Geert Hofstede, alijaribu kupima kwa namba jinsi watu wa nchi mbalimbali wanavyokubali pengo kati ya mkubwa na mdogo kazini. Kwenye kipimo chake Marekani ilipata 40, China 80, na Afrika Mashariki, ambayo yeye aliikusanya pamoja Tanzania, Kenya, Ethiopia na Zambia, ikapata 64. Kwenye kipimo cha mtu kujitegemea mwenyewe dhidi ya kuwa wa kundi, Marekani 91, China 20, sisi 27. Yaani sisi na Mchina tunakaa upande mmoja wa chumba!

Namba zile msizichukue kama Msahafu. Utafiti wake wa mwanzo ulitegemea wafanyakazi wa kampuni moja tu, IBM, na wastani wa nchi hauwezi kukuambia bosi wako aliamkaje leo. Lakini zinatusaidia kuuliza swali zuri: kama tunafanana hivi, mbona tunagombana sana?

Jibu langu sehemu nimelipata kazini, sehemu darasani.

Likizo moja nilipata kibarua kwenye saiti ya mkandarasi wa Kichina. Jina lake silitaji na mahali silitaji. Kazi yangu ilikuwa daftari la mahudhurio: nani kaingia, nani katoka, nani kachukua nyundo na hajarudisha. Vibarua wakawa wananiita Mwalimu. Amri zilikuwa zinasafiri safari ndefu. Bosi anasema Kichina, kijana wake mkalimani anageuza kuwa Kiingereza, nyapara wetu Mswahili anageuza Kiingereza kile kuwa Kiswahili. Jibu nalo linarudi kwa njia hiyohiyo. Si mnaijua ile michezo ya utotoni ya kunong'onezana mpaka mwisho wa mstari? Ndiyo hiyo, ila hapa kuna zege linamwagwa.

Pale kulikuwa na fundi mmoja wa mbao, mtu mzima, kazi yake ya kupiga boksi za nguzo ilikuwa safi mpaka bosi mwenyewe alikuwa anapita kuigonga kwa kidole na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Mwezi wake wa kwanza pale baba yake mzazi alifariki. Akaomba ruhusa, akapewa siku tatu, na bosi akatoa bahasha ya rambirambi. Figa la pili hilo, nililiona kwa macho yangu. Zikapita kama wiki sita. Asubuhi moja fundi akaja kwa nyapara, uso umemshuka: "Baba amefariki." Alikuwa anamaanisha baba mkubwa, kaka wa baba yake, ambaye sasa ndiye aliyekuwa amebaki kichwa cha ukoo. Nyapara akageuza kwa Kiingereza, kwamba baba yake fundi amefariki. Mkalimani akageuza kwa Kichina. Bosi akasimama, akaweka vidole viwili juu, akasema kwa Kiswahili chake cha saiti: "Baba kufa mara mbili? Hapana! Wewe ongo!"

Fundi alijaribu kueleza. Nyapara akajaribu, akasema sasa ni mjomba, si baba, kwa kuwa Kiingereza kina neno hilohilo moja kwa baba mkubwa, baba mdogo na mjomba. Ndiyo mambo yakaharibika kabisa. Mwanzo alikuwa baba, sasa ni mjomba, kesho atakuwa nani? Fundi akaenda kuzika, maana baba mkubwa hazikwi na majirani. Aliporudi jina lake lilikuwa limekatwa kwa kalamu nyekundu. Siku zile vibarua walikaa chini ya mwembe wakasema neno moja tu: "Mchina hajui msiba."

Muhula uliofuata nikajiandikisha somo la Kichina hapa chuoni. Tukafika somo la familia. Mwalimu akaandika ubaoni: kaka wa baba aliye mkubwa kuliko baba ni bofu. Kaka wa baba aliye mdogo ni shufu. Kaka wa mama ni jiujiu. Dada wa baba ni gugu. Dada wa mama ni yima, na ile "ma" ya mwisho ndiyo mama yuleyule. Nikaweka kalamu chini. Baba mkubwa, baba mdogo, mjomba, shangazi, na mama mkubwa au mdogo. Vyumba vilevile, wapangaji walewale! Neno ambalo fundi alilihitaji lilikuwepo kichwani mwa bosi tangu utotoni. Bosi ana bofu wake, huenda alimbeba mgongoni. Kama neno lile lingevuka moja kwa moja kutoka Kiswahili kwenda Kichina, angeelewa kwa sekunde mbili. Lililomfukuza fundi kazi ni Kiingereza kilichokaa katikati, lugha ambayo haikuwa ya huyu wala ya yule, na ambayo haimjui baba mkubwa.

Na watu wenye sikukuu nzima ya kufagia makaburi, wanaokwenda Gongo la Mboto kuwakumbuka wenzao waliokufa nusu karne iliyopita, huwezi kusema hawajui msiba. Wanaujua sana. Ndiyo maana bosi alikasirika, kwa sababu kwake kudanganya juu ya kifo cha baba ni dhambi kubwa kuliko utoro.

Sijasema bosi alikuwa sahihi. Angeweza kuuliza zaidi. Mtu uliyemwamini na nguzo za jengo zima unamkata kwa kalamu bila kumsikiliza? Ninachosema ni kwamba ugomvi ule wote tuliuita tofauti ya utamaduni, kumbe ulikuwa kufanana kusikokuwa na mkalimani.

Nikaenda kutazama sheria yetu nayo, nikacheka kicheko cha kulia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ilipoweka siku nne za likizo ya msiba yenye malipo, ilitaja kifo cha mtoto, mwenzi wa ndoa, mzazi, babu au bibi, mjukuu, na kaka au dada. Baba mkubwa hayumo. Sheria tuliyotunga wenyewe, Bunge letu wenyewe, nayo ilihesabu ndugu kwa Kiingereza! Na mwenye chini ya miezi sita kazini hata likizo hiyo ya kulipwa haimgusi. Maana yake fundi yule hakuwa na kifungu cha kushika. Alichobakiwa nacho ni kueleweka. Hapo ndipo elimu ya utamaduni inapokuwa chakula kabisa: pale ambapo sheria imenyamaza.

Lakini pale ambapo sheria imesema, hadithi ni nyingine. Na hapa nawageukia wale wa "Mchina ni mchapakazi".

Sheria hiyohiyo imeweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku. Ovataimu inalipwa mara moja na nusu ya malipo ya kawaida, na haitakiwi kuzidi saa 50 katika wiki nne. Mwajiri anatakiwa kukupa kwa maandishi masharti ya kazi yako. Hayo hayana Mchina, Mturuki wala Mchaga. Bosi akikuambia "sisi kwetu tunafanya kazi bila kuhesabu saa", mjibu kwa adabu kwamba hata kwao zinahesabiwa. Sheria ya kazi ya China imeweka saa 8 kwa siku na wastani wa 44 kwa wiki. Mwaka 2019 vijana wa kampuni za teknolojia kule China walipaza sauti kupinga utaratibu wanaouita 996, yaani saa tatu asubuhi mpaka saa tatu usiku, siku sita. Agosti 2021 Mahakama Kuu ya Watu wa China ikasema wazi kwamba utaratibu huo ni kinyume cha sheria. Sasa kama Wachina wenyewe wanaukataa, wewe unauitaje utamaduni wao?

Pia kuna yale ya katikati, ya biashara. Kwa nini meneja wa saiti ana haraka kama anafukuzwa? Wengi wao wameacha mke na watoto mwaka mzima, wanalala palepale saiti, na kampuni ikichelewa kukabidhi inakatwa fedha kwa mujibu wa mkataba. Haraka ile haina Confucius ndani yake. Mkandarasi wa taifa lolote akiwekwa hapo atahema vilevile. Ukijua hivyo unaacha kuichukua hasira yake kama chuki kwako, na unajua lini ni wakati wa kuomba ruhusa na lini ni siku ya kumwaga zege.

Na hata neno "bosi Mchina" lenyewe linadanganya kidogo. Nendeni Zambia muone. Mwanasosholojia Ching Kwan Lee alikaa kwenye migodi ya shaba na saiti za ujenzi kule, akaandika kitabu 2017. Anaeleza kwamba bei ya shaba ilipoanguka mwishoni mwa 2008, wawekezaji wengine walipunguza wafanyakazi kwa wingi, lakini mgodi wa kampuni ya serikali ya China kule Chambishi haukupunguza. Hisani hiyo! Lakini usikimbilie kushangilia. Shirika la Human Rights Watch mwaka 2011 lilitoa ripoti nzito juu ya usalama na saa za kazi katika migodi ya Wachina nchini humohumo. Na kwenye mgodi wa makaa ya mawe wa Collum, wa watu binafsi, Oktoba 2010 wasimamizi wawili wa Kichina waliwafyatulia risasi wachimbaji waliokuwa wanadai maslahi yao, wakawajeruhi zaidi ya kumi. Miaka miwili baadaye, 2012, katika ghasia za mshahara, msimamizi Mchina akauawa. Nchi moja, taifa moja la mabosi, mambo tofauti kabisa. Utamaduni peke yake hauwezi kueleza hilo. Inabidi uulize mgodi ni wa nani, sheria inasimamiwa na nani, na watu wanasikilizana kwa lugha gani.

Msinisome vibaya hapo. Sisemi kila saiti ni Collum. Nasema watu wakikosa kuelewana pale pa kuelewana na kukosa haki pale pa haki, mwisho wake huwa si kalamu nyekundu tu.

Basi kwa mwanachuo anayekwenda kutafuta kibarua likizo hii, mimi ningemshauri hivi.

Kuhusu mambo ya utamaduni, jinyenyekeze ujifunze. Wahi, tena wahi kabla ya bosi. Usimsahihishe mbele ya watu. Wao wana neno mianzi, maana yake uso, na sisi tunasema "sina uso wa kurudi pale", ni kitu kilekile. Ukiona kosa, msubiri pembeni umwambie kwa upole, utashangaa jinsi anavyosikia. Akikuonyesha kazi kwa vitendo bila maelezo usidhani anakudharau. Kwao anayejua kazi huitwa shifu, na mwanafunzi wa shifu hujifunza kwa macho kwanza, sawa na saidia fundi wetu. Rudia kazi mbele yake akuone, ndiyo njia ya kuhakikisha mmeelewana. Jifunze maneno ishirini ya Kichina na uanze na ya ukoo. Ukiomba ruhusa ya msiba, usiseme tu nimefiwa. Taja ni nani hasa, eleza nafasi yake kwenye ukoo, na taja siku utakayorudi. Halafu rudi siku hiyo!

Kuhusu mambo ya biashara, elewa haraka yake, halafu pima kama malipo yanatosha. Hapo ni soko, hakuna wa kumlaumu.

Kuhusu sheria, usilegeze. Omba mkataba wa maandishi hata kama ni ukurasa mmoja. Andika saa zako kwenye kidaftari chako mwenyewe. Malipo yakikatwa bila maelezo, uliza. Ikishindikana kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na kulalamika pale si kumkosea adabu mtu. Sheria ya 2015 ya ajira za wageni nayo inamtaka mwajiri awe na mpango wa kumrithisha Mtanzania ujuzi. Kwa hiyo kuuliza "nitajifunza lini kazi hii?" ni haki yako, si umbea.

Na nyie mabosi, kama kuna anayetafsiriwa haya: Redio Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961, kabla hata Tanganyika haijapandisha bendera yake. Mwaka 2011 tamthilia yenu ya Doudou na mama wakwe zake iliingizwa sauti za Kiswahili, bibi zetu wakaifuatilia kama ni ya hapa Manzese, maana ugomvi wa mkwe na mkaza mwana hauna viza. Njia ya moja kwa moja kati ya lugha zetu mbili ipo siku nyingi. Saiti yenye watu mia mbili ikikosa hata mmoja anayejua Kiswahili na Kichina, hilo si tatizo la utamaduni. Ni kubana matumizi, na gharama yake anailipa kibarua.

Sisi walimu watarajiwa kazi yetu naiona hapohapo. Tukimfundisha mtoto kwamba Mchina ni mkatili, tumempa woga. Tukimfundisha kwamba Mchina ni mchapakazi basi avumilie tu, tumempa utumwa. Tumfundishe kuuliza maswali mawili kila bosi anapomkwaza, awe Mchina au mjomba wake: hili ni la kuelewana au ni la haki? Akijua kujibu hilo, anaweza kufanya kazi kwa yeyote duniani na akalala usingizi.

Naomba kuwasilisha. Mwenye binamu aliyefanya kazi kwa Wachina aje, ila safari hii atuambie na figa gani lilikosekana. Mimi narudi kwenye madesa, kesho kuna jaribio la saikolojia ya elimu na boom bado halijaingia.